Abu Zayd Al-Balkhi: Mwanachuoni Aliyeandika Dawa ya Nafsi



Ndugu msomaji, kila mwaka nafasi za vyuo vikuu zikitangazwa, kuna kijana wetu anayerudi nyumbani na barua iliyoandikwa saikolojia. Hapo ndipo maneno huanza. Mama auliza kazi yake ni ipi. Ami asema hiyo ni elimu ya wazungu ya kuchungulia vichwa vya watu. Jirani naye ataka kujua kama mwisho wake ni Mathari. Na kijana mwenyewe akifika darasani mwaka wa kwanza, hata kabla hajazoea mabweni, aambiwa elimu hii ilianza mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani.

Habari ya maabara ni kweli, wala hakuna haja ya kubishana na mhadhiri. Lakini kutafuta dawa ya hofu, hasira na huzuni hakukusubiri maabara. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita aliishi mtu aliyekaa chini akaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kwa lugha nyepesi, ili mtu wa kawaida akitumie nyumbani kwake. Twamzungumzia Abu Zayd Ahmad bin Sahl Al-Balkhi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa karibu mwaka 235 Hijria, yaani takriban 850 Miladia, katika kijiji cha Shamistiyan karibu na mji wa Balkh. Leo Balkh iko kaskazini mwa Afghanistan. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto, na Abu Zayd mwenyewe alipokua alianza kwa kazi hiyo hiyo. Yaani huyu hakuzaliwa mtoto wa waziri. Yaqut Al-Hamawi, aliyekusanya habari za maisha yake, anamweleza kuwa mtu wa kimo cha kadiri, mwembamba, mwenye makovu ya ndui usoni, mkimya na mwenye haiba.

Bado akiwa kijana alifunga safari kwenda Iraq kutafuta elimu. Inasimuliwa kuwa alikwenda kwa miguu pamoja na msafara wa mahujaji. Ukichora mstari ulionyooka, kutoka Balkh hadi Baghdad ni zaidi ya kilomita 2,000, na njia za milimani hazinyooki. Sisi siku hizi gari likichelewa nusu saa twakata tamaa ya kwenda darasani! Alikaa huko miaka minane. Wanahistoria wanamtaja kuwa miongoni mwa wanafunzi wa Al-Kindi, mwanafalsafa mashuhuri wa Waarabu. Alisoma falsafa, elimu ya nyota, utabibu na mambo ya maumbile, na juu ya hayo akazama katika elimu za dini na lugha. Kisha akarudi kwao. Wengi waliofika Baghdad hawakutaka tena kuondoka, lakini yeye alirudi Balkh na huko ndiko alikofanya kazi yake.

Ahmad bin Sahl aliposhika utawala wa Balkh, alimwita Abu Zayd amfanye waziri. Akakataa. Akakubali cheo cha chini zaidi, ukatibu, na uwaziri ukaenda kwa rafiki yake wa tangu utotoni, Abu'l-Qasim Al-Balkhi, maarufu kama Al-Ka'bi. Mshahara wa waziri ulikuwa dirham 1,000 kwa mwezi na wa katibu dirham 500. Sasa tazama urafiki: inasimuliwa kuwa waziri alimwagiza mtunza hazina akate dirham 100 katika fungu lake amwongezee Abu Zayd, ampe na sarafu zilizo nzima, zile mbovu zilizovunjika abakishiwe yeye waziri. Na watu walipomzushia Abu Zayd kuwa amepotoka katika dini, ni huyu Abu'l-Qasim aliyesimama akamtetea kuwa ni mtu wa tawhidi aliyedhulumiwa, na kwamba yeye anamjua kuliko wote kwa sababu walikua pamoja.

Kuzushiwa huko hakukuwa mchezo. Abu Zayd alikuwa akiandika anachokiona kuwa ni haki hata kikimuudhi anayemlisha. Ibn Al-Nadim anaeleza kuwa kulikuwa na wakubwa waliokuwa wakimpa ruzuku, mmoja mfuasi wa Makaramita. Alipoandika kitabu kuhusu taawili, yaani kufasiri maandiko kwa maana za ndani, ruzuku ikakatwa. Waziri Al-Jayhani naye alikuwa akimpelekea zawadi. Alipoandika juu ya kafara na kuchinja, zawadi nazo zikaisha. Hakufuta kitabu chochote. Mwanafunzi wa leo anayesubiri basari ataelewa uzito wa jambo hilo bila ya kuelezwa.

Kuna kisa chengine ambacho binafsi nakipenda sana. Mtawala wa Khurasan alimwita Bukhara awe mshauri wake. Abu Zayd akafunga mizigo, akaenda hadi kwenye mto Jayhun, ambao leo huitwa Amu Darya. Alipoona mawimbi na upana wa maji, akasimama ukingoni. Akamwandikia mtawala kwamba ikiwa ameitwa kwa ajili ya busara yake, basi busara hiyo hiyo inamkataza kuvuka mto huu. Mtawala alistaajabu kwa jibu hilo, akamruhusu arudi Balkh. Kumbuka mto huu, kwani mtu huyu huyu ndiye aliyeandika sura nzima juu ya hofu.

Anatajwa kuwa aliandika vitabu kama 60, na vingi vimepotea. Wanajiografia wanamhesabu kuwa mwanzilishi wa njia moja ya kuchora ramani za nchi za Kiislamu, iliyofuatwa na Al-Istakhri na Ibn Hawqal. Lakini kitabu kinachotuhusu ni Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Kina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mwili: makazi, mavazi, chakula, usingizi, kuoga, mazoezi. Ya pili, yenye sura nane, ni ya nafsi.

Hoja yake ya kwanza ni nyepesi kabisa. Binadamu ni mwili na nafsi, na vyote viwili huugua. Tena, asema, mtu aweza kuishi miaka bila ya maradhi fulani ya mwili, lakini hakuna anayeepuka ghadhabu, hofu au huzuni karibu kila siku. Basi kwa nini matabibu hushughulikia homa na tumbo peke yake? Aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa hilo, na akaeleza kuwa mwili ukiugua nafsi nayo hukosa raha, na nafsi ikiugua mwili hufuata. Wangapi kati yetu tumeona mtu analalamika kichwa na kifua miezi mitatu, vipimo vyote vizuri, kumbe alifiwa na hakupata wa kumsikiliza?

Maradhi ya nafsi aliyagawa mafungu manne: ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi.

Kwenye huzuni ndipo uhodari wake unapoonekana. Alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na huzuni inayomvamia mtu bila ya sababu anayoijua, ikamwondolea raha na hamu ya kila kitu. Ya kwanza alisema itibiwe kwa fikra na maneno. Ya pili aliiona inatokana na hali ya mwili wenyewe, khasa damu, hivyo inahitaji dawa za mwili pamoja na mazungumzo mazuri na watu wa kupendeza. Habari ya damu na uchafu wake ni utabibu wa zama hizo, na leo hatuisomi hivyo. Lakini kule kutenganisha aina mbili, na kukubali kuwa mtu aweza kuzama katika huzuni pasi na kosa lake wala upungufu wa imani yake, ni jambo ambalo hata leo nyumba nyingi hazijalikubali. Dada anashindwa kuamka kitandani, aambiwa ni mvivu, au ana jini, au haswali vizuri.

Dawa za nafsi kwake zilikuwa za aina mbili. Moja hutoka nje: mtu wa kukunasihi, kukusikiliza na kukutuliza. Nyingine hutoka ndani, na hapa alitoa mfano unaopendwa na kila anayemsoma. Kama vile mtu mwenye akili anavyoweka dawa nyumbani wakati yu mzima, ili maradhi yakija usiku asianze kuhangaika, ndivyo apaswavyo kuweka akiba ya fikra nzuri wakati moyo umetulia. Ghadhabu ikipanda huwezi tena kuanza kutafuta sababu za kusamehe. Yataka uwe nazo tayari.

Mwanafunzi wa saikolojia akifika mwaka wa pili au wa tatu atakutana na jina la Aaron Beck, Mmarekani aliyeanzisha tiba ya kurekebisha fikra katika miaka ya 1960. Atakutana pia na Joseph Wolpe wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1958 alitoa kitabu juu ya kuondoa hofu kwa kumzoesha mgonjwa kidogo kidogo. Sasa arudi kwa Balkhi. Katika sura ya hofu, Balkhi ashauri mtu ajilazimishe kukaribia anachokiogopa mara kwa mara mpaka akizoee, na aongeze ujuzi juu yake. Alitoa mfano wa mtu wa nchi ya joto aonaye ukungu kwa mara ya kwanza. Kwa mbali hudhani ni kitu kizito kitakachomziba pumzi. Akiingia ndani yake akuta ni hewa tu yenye unyevu. (Mto Jayhun, hata hivyo, haukuwa ukungu. Nadhani alijua tofauti.)

Fungu la mwisho ni wasiwasi. Sisi Waswahili neno hili tumelichukua kutoka Kiarabu na tumelilegeza, kila mwenye shaka kidogo twasema ana wasiwasi. Yeye alikusudia zile fikra zinazoganda, zinazorudi na kurudi, za kutisha, zisizomwachia mtu nafasi ya kufanya kazi yake wala kufurahia chakula. Alishauri mtu huyu asikae peke yake wala asikae bure, kwani upweke na ukosefu wa shughuli ndio huzipa nguvu fikra hizo, na azikabili kwa fikra zinazozipinga. Mwaka 2015 watafiti wawili, Rania Awaad na Sara Ali, walilinganisha maelezo yake na vigezo vinavyotumiwa na madaktari wa leo, wakakuta yanakaribiana sana. Anayerudia udhu mpaka jamaa wanatoa salamu anajua twazungumza nini.

Wako wanaoruka mipaka na kudai kuwa Balkhi alivumbua kila kitu na wazungu wakaiba. Si kweli. Takwimu, majaribio na mbinu za utafiti kijana atazisoma huko huko chuoni, na ni lazima azisome kwa bidii. Na mama ajibiwe kuwa kazi ipo: Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014.

Abu Zayd alifariki Balkh mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, akiwa na miaka 87 hivi kwa hesabu ya Hijria. Kitabu chake kilibaki kwa karne nyingi katika nakala za mkono, mbili zikiwa kwenye maktaba ya Ayasofya mjini Istanbul. Mwaka 1984 Fuat Sezgin alichapisha picha za nakala hiyo mjini Frankfurt. Kisha akaja Malik Badri, Msudani aliyesomea Beirut na Leicester, ambaye mwaka 1979 alikuwa amewaandikia Waislamu wanaosoma saikolojia kuhusu hatari ya kumeza kila nadharia bila ya kuitafuna. Mwaka 2013, akiwa mzee, alitoa tafsiri ya Kiingereza ya ile sehemu ya nafsi. Aliaga dunia mwaka 2021.

Tafsiri hiyo si ndefu. Sura ya hofu yasomeka kwa usiku mmoja baada ya tarawehe.