Salum Abdallah: Aliitaka Cuba, akakomea Mombasa

Wimbo wa "Mkono wa Idi" unajulikana na wengi kuliko jina la aliyeuimba. Mwenyewe ni marehemu Salum Abdallah wa Morogoro, na sisi watu wa pwani, toka Mtwapa hadi Likoni, tuna sehemu yetu katika kisa chake.

Alizaliwa mwaka 1928, baba yake Mwarabu. Siku hizo santuri za GV, zilizobeba muziki wa Cuba, zilikuwa zimeenea Afrika Mashariki, na katika kumbi za dansi watu walicheza rumba, tango na foxtroti. Maneno yalikuwa ya Kihispania. Waliojua maana yake walikuwa wachache mno, lakini miguu haikungoja tafsiri. Salum alishikwa na muziki huo hata akatoroka kwao, nia yake apate meli imfikishe Cuba kwenyewe. Safari ikaishia Mombasa.

Akarudi Morogoro. Mwaka 1948 akaanzisha bendi iliyoitwa La Paloma, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Cuban Marimba. Mapigo yalikuwa yale yale ya ng'ambo, waimbaji wakiitikiana, ila maneno sasa ni Kiswahili kitupu. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo alipowapita wale waliotosheka na kuiga. Mchezaji wa dansi alijisikia anaimbiwa yeye, mambo ya mapenzi na utani wa shemeji, na zilipofika siku za kudai uhuru, siasa nayo ikaingia ukumbini. Mombasa, mji uliomkatizia safari, ndio uliosambaza sauti yake: Assanand walitoa santuri zake kwa chapa ya Mzuri.

Morogoro iligawanyika mafungu mawili, huku mashabiki wa Cuban Marimba, kule wa Morogoro Jazz. Ushindani huo ulikuwa mkali, na wenye faida kubwa ni wachezaji, maana kila bendi ilijitahidi isizidiwe.

Novemba 1965 Salum alifariki katika ajali ya gari, Mungu amrehemu, umri wake miaka 37. Cuba hakuiona. Juma Kilaza akaiongoza bendi baada yake. Kwa wapinzani wao alikuwa ameanza kuvuma kijana Mbaraka Mwinshehe. Yeye naye alikufa kwa ajali ya gari, Januari 1979, na ilikuwa hapa hapa Mombasa.