Von Götzen: gavana aliyepewa meli ya vipande

RUBAVU – Wasafirishaji wa mizigo wa Ziwa Tanganyika wanaijua meli ya Liemba. Wachache wanafahamu kuwa awali ilibeba jina la mtu aliyefika Juni 1894 kaskazini mwa Ziwa Kivu, upande wa Gisenyi na Nyamyumba.

Gustav Adolf von Götzen alizaliwa Mei 12, 1866 huko Silesia, eneo ambalo leo liko Poland. Alikuwa ofisa wa jeshi la Ujerumani. Desemba 1893 msafara wake uliondoka Pangani, na Mei 1894 ukavuka Mto Kagera kwenye maporomoko ya Rusumo, pale pale malori ya Dar es Salaam yanapoingilia Rwanda siku hizi. Alionana na Mwami Kigeli Rwabugiri, akapanda Nyiragongo, kisha akakata misitu ya Kongo hadi Matadi.

Mwaka 1901 aliteuliwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wananchi wa kusini walilazimishwa kulima pamba, na Julai 1905 vita vya Maji Maji vikaanza. Majeshi yake yalichoma vijiji na mazao, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 75,000 na 300,000. Aliondoka mwaka 1906 na kufariki Hamburg, Desemba 1910, akiwa na miaka 44.

Pamoja na hayo, serikali yake ikampa heshima ya meli. Ziwa Tanganyika halifikiki kutoka baharini, hivyo mwaka 1913 kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, kiliunda meli ya karibu mita 70 kwa namna ya pekee. Mabamba ya chuma yalikatwa, yakatobolewa na kufungwa kwa bolti za muda. Kila kipande kilipewa namba, meli ikafunguliwa na kufungashwa katika makasha yapatayo 5,000. Kazi ngumu ilikuwa matundu: tundu lisilolingana lingegundulika Kigoma, mbali mno na kiwanda.

Mzigo ulishuka Dar es Salaam na kupanda reli. Kigoma, ribiti zilichomwa hadi zikawa nyekundu, zikapitishwa matunduni na kupigwa nyundo. Chuma kikipoa hujikunja, na mabamba hubanana. Meli iliteremshwa majini Februari 1915.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kupaka injini grisi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Kwa Ziwa Kivu, kunakojengwa sasa biashara ya bandari ya Rubavu huko Nyamyumba, hali haina tofauti. Mto Rusizi una maporomoko, hivyo chombo kikubwa kinachotoka nje hufika ufukweni kwa lori, kikiwa vipande, ndipo mafundi waanze kuunga.