Mtoto wa Butiama na Mchezo wa Soro

Kila mwaka mwezi wa Oktoba, nchi mbili jirani huomboleza kwa siku mbili zinazofuatana. Tarehe 13 sisi Warundi twamkumbuka Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, aliyezaliwa Gitega mwaka 1932, akasoma Ubelgiji, na kuuawa mwaka 1961. Siku ya pili yake Watanzania humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki London mwaka 1999. Habari za yule wa kwanza tumezijua tangu shuleni. Leo tumeonelea tuwaeleze askari na polisi wenzetu habari za huyu wa pili, kwa kuwa kazi yake ya mwisho inatuhusu sisi tuvaao sare.

Mwalimu alizaliwa Butiama, mashariki ya Ziwa Victoria, mwezi wa Aprili mwaka 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano. Alichunga mbuzi kama watoto wenzake, na wakati wa mapumziko alijifunza soro, ambalo ni bao la kwao. Mchezo huo hauna bahati nasibu. Kete zote ziko wazi mbele ya macho ya wote wawili, na mchezaji hushinda kwa kuhesabu, kuvumilia, na kuyatazama mashimo ya mwenzake kama anavyoyatazama yake. Inasimuliwa kwamba watu wazima waliocheza naye waliona akili yake, wakamshauri baba yake ampeleke shule.

Hivyo mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, aliingia shule ya Mwisenge huko Musoma. Masomo ya miaka minne akayamaliza kwa mitatu. Kutoka hapo alikwenda Tabora, kisha Makerere nchini Uganda kuanzia mwaka 1943, akawa mwalimu. Mwaka 1949 alisafiri hadi Edinburgh, Scotland, ambako alisoma historia, uchumi na falsafa, akapata shahada yake mwaka 1952.

Wapo waliokwenda Ulaya wakarudi wakiwadharau wazee wao. Yeye hakurudi hivyo. Alipokuwa mbali aliiona nchi yake yote kwa mara moja, kama mtu aliyepanda kilima na kutazama bonde alilozaliwa, na huko ndiko alikoamua kuingia katika siasa. Lugha ya kigeni aliyoisoma aliifanyia kazi nyumbani: aliutafsiri mchezo wa Shakespeare kuwa Juliasi Kaizari. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kiliundwa chini ya uongozi wake, na Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Lakini tusimfanye malaika. Mwezi wa Januari mwaka 1964 askari wa Tanganyika waliasi, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kizungu. Mwalimu alilazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, jambo lililokuwa aibu kubwa kwa taifa changa. Hakulificha kosa hilo. Jeshi la zamani lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Hapo alionyesha tabia ya mcheza bao: akishaliwa kete hapindui ubao, bali huzipanga upya zilizobaki.

Aliacha urais kwa hiari mwaka 1985. Mwaka 1996 alianza kusuluhisha mgogoro wa Burundi, na mwezi wa Juni 1998 mazungumzo yakafunguliwa Arusha. Kwetu hakupendwa na wote. Vikwazo vya nchi jirani vilivyowekwa mwaka 1996 viliwaumiza wananchi, na wengi walimwona kuwa ameegemea upande mmoja. Wakati huo huo, wakazi wa Muyinga walikuwa wameshuhudia tangu mwaka 1993 maelfu ya ndugu zao wakivuka mpaka kwenda Ngara na vitanda vyao vichwani. Mzee huyo aliendelea kuwakalisha mahasimu katika chumba kimoja, ili kila mmoja ayatazame mashimo ya mwenzake.

Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, kabla ya kuyaona matunda. Nelson Mandela aliipokea kazi hiyo, na Mkataba wa Arusha ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mkataba huo ulisema kwamba kabila lolote moja lisipewe zaidi ya nusu ya nafasi za jeshi la taifa. Vita havikukoma siku ile. Makubaliano mengine yalihitajika. Hata hivyo, katika jeshi na polisi vilivyoundwa upya baadaye, waliokuwa wakiwindana porini walianza kula chungu kimoja.

Ndugu askari, jioni mnapokaa chini ya mti huko Gitega au Muyinga mkicheza bao, mtazameni mwenzenu aliyeketi mbele yenu. Huenda baba yake na baba yako walilengeana bunduki. Leo mnagombania kete tu, na asubuhi mtashika lindo pamoja. Amani hiyo ilipatikana kwa gharama kubwa, na jukumu la kuilinda ni letu.