Almami Samori na Wahunzi Wake
Almami Samori Touré alizaliwa karibu mwaka 1830 katika nchi iitwayo leo Guinea. Mamake alipotekwa, alikwenda kuwatumikia watekaji ili amkomboe, na huko ndiko alikojifunza vita. Bunduki alizinunua Freetown kwa dhahabu na pembe. Linalonistaajabisha mimi hasa ni wahunzi wake: walizifungua bunduki za Kifaransa za risasi nyingi, wakazitengeneza zilizoharibika, kisha wakaunda nyingine mfano wa hizo, kipande kwa kipande, kwa moto na nyundo. Sitaficha kwamba mateka nao waliuzwa ili apate farasi. Tangu 1882 aliwahangaisha Wafaransa miaka 16. Walimkamata Septemba 1898, wakampeleka Gabon, akafariki huko mwaka 1900, Mwenyezi Mungu amrehemu.