Askofu aliyetubu chuki ambayo kila mtu angemwelewa

Jumapili kanisani kwetu hapa Namboboto, ibada ikifika kwenye maungamo, sote tunapiga magoti na kusoma kwa sauti moja kwamba tumekosa. Kasisi anatamka ondoleo, tunainuka, tunapangusa magoti, maisha yanaendelea. Shida ni ile "sisi". Ni pana mno! Mtu anajificha ndani yake kama abiria aliyejibana nyuma ya matatu akimkwepa makanga. Najua kwa sababu nimejificha humo miaka miwili.

Ndiyo maana nataka nikusimulie kuhusu Festo Kivengere.

Alizaliwa mwaka wa 1919 upande wa Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, akalelewa akichunga ng'ombe. Akawa mwalimu, na pia mlevi ambaye hakutaka kabisa kusikia habari za Mungu. Ila wakati huo uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulikuwa umeshapamba moto. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka, na hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki mumo humo ndani ya Kianglikana. Maungamo ya kitabu cha sala waliyasoma kama kawaida, halafu wakiondoka pale wanaitaja dhambi kwa jina na kumwendea waliyemkosea. Mambo hayo yalivuka mpaka hadi huku kwetu magharibi mwa Kenya.

Kivengere aliokoka mwanzoni mwa miaka ya 1940, na toba yake haikuwa ya mdomo tu. Kulikuwa na Mzungu mmoja aliyemchukia. Alipanda baiskeli, akapiga mwendo mrefu, akaenda kumwomba msamaha. Siku nyingine aligombana na mkewe, Mera, akatoka kwenda kuhubiri. Njiani dhamiri ikamkaba. Aligeuka, akarudi jikoni, akaomba radhi kwanza. Mahubiri yakasubiri.

Mwaka wa 1946 alihamia Dodoma kufundisha. Kiswahili chake kilikuwa si mchezo: mwaka wa 1960 ndiye aliyemtafsiria mhubiri Mmarekani Billy Graham kule Moshi. Mwaka wa 1972 akawa askofu wa Kigezi. Idi Amin alikuwa ameshatwaa serikali kwa mtutu.

Februari 1973 wanaume watatu walipigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale, watu wamekusanywa kutazama. Kivengere alikuwa pale, akazungumza nao kabla ya kufa. Halafu Februari 16, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Huyo Oboth-Ofumbi alikuwa mtu wa Tororo, hapo tu ukivuka Malaba. Serikali ikadai ni ajali ya gari. Siku chache baadaye Kivengere na Mera walitoroka usiku, wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda. Miaka hiyohiyo Waganda wengine walikuwa wakivukia huku kwetu kupitia Busia na Malaba, wakiacha nyumba na makaburi.

Sasa hebu jiulize: mtu kama huyo akimchukia Amin, nani atamlaumu? Mimi singemlaumu. Na kweli alimchukia. Uchungu ulimjaa hadi maombi yakawa mazito.

Ijumaa Kuu ya mwaka huo aliingia katika kanisa la All Souls, London. Ibada ilifika pale Yesu msalabani anapowaombea msamaha waliomsulubisha. Kivengere akaona kwamba sala ile inamhusu Amin pia, na kwamba yeye, askofu, mkimbizi, mwenye kila sababu, ndiye anayepaswa kutubu. Alitubu chuki yake papo hapo. Baadaye mwaka huohuo kikatoka kitabu chake ambacho jina lake liliwashangaza wengi: Nampenda Idi Amin.

Usinielewe vibaya. Hakusema Amin hana hatia. Aliendelea kuutaja uovu wake waziwazi, na ndani ya kitabu chenyewe mauaji yameelezwa. Alichokataa ni kuibeba chuki kama mali yake. Dhambi ya Amin ilikuwa ya Amin, lakini chuki ilikuwa yake, na hangeweza kuungama kwa niaba ya mwingine.

Amin alipong'olewa mwaka wa 1979, Kivengere alirudi nyumbani kusaidia kujenga upya. Alifariki Nairobi Mei 1988 kwa saratani ya damu.

Kinachonisumbua kwake ni hii: alikuwa na kisingizio kizuri kuliko changu na hakukitumia. Mama ameamini muda wote kwamba niliacha chuo kwa sababu ya kuugua. Ukweli ni kwamba karo ya muhula niliimaliza kwa kubeti. Alikuwa ameuza ng'ombe.

Jumamosi iliyopita nilimfuata jikoni nikamwambia. Hakunijibu. Aliendelea kuchambua omena, nami nikakaa chini nikamsaidia. Hadi leo hajaniambia kwamba amenisamehe, na sijamwuliza. Lakini jana kanisani, tulipofika kwenye maungamo, angalau mimi nilijua ninachokisoma.