Albert Cook na Kumbukumbu za Wagonjwa wa Mengo: Chimbuko la Maktaba ya Utafiti wa Tiba

Katika historia ya tiba Afrika Mashariki, Albert Ruskin Cook (1870–1951) hutajwa zaidi kuwa mwasisi wa Hospitali ya Mengo, Kampala. Makala haya yanazingatia mchango wake usiotajwa sana, yaani utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa.

Cook alisomea Cambridge na Hospitali ya St Bartholomew, London. Aliwasili Uganda mwaka 1897 pamoja na msafara wa wamisionari wa Kianglikana, akaanzisha hospitali mwaka huohuo. Tangu awali alisisitiza kwamba wagonjwa waliolazwa waandikiwe dalili, matibabu na hatima yao. Teknolojia yake ilikuwa kalamu, karatasi na nidhamu.

Nidhamu hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1901, Cook na nduguye Jack waliwatambua wagonjwa wa malale hapo Mengo. Mwaka 1964, J. N. P. Davies na wenzake walichapisha uchambuzi wa saratani uliotegemea kumbukumbu za Mengo za 1897 hadi 1956. Hivyo, dhana kwamba saratani ni ugonjwa mpya kwa Waafrika ilipimwa kwa ushahidi, ikaonekana kuwa ugonjwa huo ulikuwapo tangu miaka ya mwanzo.

Hata hivyo, kumbukumbu hizo hazikosi kasoro. Mwanzoni mwa karne ya 20 Cook aliunga mkono dai kwamba kaswende ya zinaa ilikuwa imeenea mno Buganda. Baadaye wataalamu walilihoji dai hilo, wakieleza kuwa wengi wa wagonjwa hao yamkini walikuwa na buba au kaswende isiyo ya zinaa. Rekodi, basi, hubeba pia mtazamo wa mwandishi wake, lakini ikihifadhiwa humwezesha mtafiti wa baadaye kuusahihisha.

Leo maktaba ya tiba ya Chuo Kikuu cha Makerere ina jina la Cook, na kumbukumbu za Mengo zimehifadhiwa humo. Funzo hili linazihusu pia hospitali zilizoasisiwa na wamisionari, zikiwamo Kiomboi na Makiungu mkoani Singida. Rejesta ya wodi ni chanzo cha utafiti sawa na kitabu. Ikipotea, hakuna kompyuta iwezayo kurejesha kilichokuwamo.