Edsger Dijkstra: mutu aliyetaka programu isomeke na mutu

Kila siku tunafungua telefone, tunatuma franga, tunatafuta njia ku karte. Nyuma ya kazi hizo zote kuna programu, ni kusema maelfu ya mistari ya maagizo ambayo mutu fulani aliandika. Siku kitu kitaharibika, mutu mwingine njo atapaswa kuisoma na kuitengeneza. Asipoelewa, hawezi kutengeneza, ama anatengeneza huku anabomoa kule. Leo, ndugu musikilizaji, tunakuletea maisha ya mutu aliyepigana na shida hiyo karibu maisha yake yote.

Edsger Dijkstra alizaliwa ku Rotterdam, inchi ya Uholanzi, tarehe 11 mwezi wa 5 mwaka wa 1930. Baba yake alikuwa mutu wa kemia, mama yake alisoma hesabu. Kijana aliwaza kwanza kusoma sheria, lakini akaingia chuo kikuu cha Leiden kusoma fizikia. Mwaka wa 1951 alienda Cambridge, Uingereza, kufuata masomo ya juma tatu juu ya namna ya kuandika programu. Mwaka uliofuata akaanza kazi hiyo ku Amsterdam.

Wakati ule kazi hiyo haikuwa na jina. Alipofunga ndoa na Maria Debets mwaka wa 1957, wakuu wa muji walimuuliza kazi yake. Akajibu kama anaandika programu. Walikatala, wakasema hakuna kazi ya namna hiyo. Mwishowe waliandika kama ni mwanafizikia.

Mwaka mumoja mbele ya ndoa, wawili hao walikuwa wanatembea ku maduka ya Amsterdam. Walipochoka, wakakaa inje ya kahawa moja kunywa kidogo. Pale, kwa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi, Dijkstra alipata jibu la swali hili: kutoka muji mumoja mpaka mwingine, tuseme Rotterdam mpaka Groningen, njia gani ni fupi kuliko zote? Ni sawa vile dereva wa Bukavu anajiuliza kama atafika Uvira kwa kupita Ngomo ao kwa kuzungukia Rwanda. Aliandika jibu hilo mu gazeti la hesabu mwaka wa 1959. Mpaka leo, njia yake na zile zilizozaliwa kutoka kwayo zinasaidia karte za telefone na mashine zinazopitisha ujumbe wa intaneti. Yeye mwenyewe alieleza kisha kama kukosa karatasi kulimusaidia: kichwa peke yake hakiwezi kubeba matata mengi, kwa hiyo alilazimika kuacha kila kitu kisichokuwa cha lazima.

Wazo hilo njo lilikuwa mzizi wa kazi yake yote. Mu miaka ya 1960 ordinatere zilikuwa kubwa, na programu zikakuwa ndefu kupita nguvu ya wenye kuziandika. Kazi zilichelewa, makosa yalijaa. Mwezi wa 10 mwaka wa 1968, wataalamu walikusanyika ku Garmisch, Ujerumani, kuzungumuzia shida hiyo. Dijkstra alikuwa pale.

Mu mwezi wa 3 mwaka uleule alikuwa ametoa barua fupi juu ya agizo moja linaloitwa GO TO. Agizo hilo linaambia mashine: ruka, enda kule. Mashine haina shida, inaruka tu. Lakini mutu anayesoma anaruka toka mustari wa 20 mpaka wa 300, kisha anarudi wa 45, na mwishowe amepotea. Dijkstra alitaka programu ifuate mupango unaoonekana kwa macho: maagizo yanafuatana, yanachagua, ao yanarudiliwa. Wengi walikasirika, juu walikuwa wamezoea GO TO. Leo Java na Python hazina agizo hilo.

Mwaka wa 1972 alipewa zawadi ya Turing, ile kubwa kuliko zote mu kazi hiyo. Hotuba yake ilikuwa juu ya unyenyekevu: mwenye kuandika programu ajue kama kichwa chake ni kidogo.

Je, ugumu wa programu unaweza kupimwa? Mwaka wa 1976, Thomas McCabe wa Marekani alitoa kipimo. Unahesabu kila mahali programu inapochagua njia, ni kusema kila panda ya njia, kisha unaongeza 1. Kipande kikipita 10, afazali ukikate. Angalia sababu: panda 10 zinazofuatana, kila moja na njia mbili, zinatoa safari 1.024. Panda 20 zinapita milioni. Nani atazijaribu zote? Dijkstra alikuwa amekwisha kusema kama kujaribu programu kunaweza kuonyesha kosa lipo, lakini hakuwezi kuhakikisha kama kosa halipo. Tena hakupenda watu wahesabu mistari kama mali. Kwake, mustari ni gharama, sawa franga zilizotoka mufukoni.

Kuanzia 1984 alifundisha ku Austin, Texas. Mu maisha yake aliandika maandishi zaidi ya 1.300, mengi kwa mukono na kalamu ya wino, ambayo marafiki waligawanyana kwa fotokopi. Kisha alirudi kwao Uholanzi, ku Nuenen, na pale kansere ikamuondosha tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka wa 2002. Alikuwa na miaka 72.

Kijana unayejifunza kazi hii hapa kwetu, ukimaliza kipande cha programu, hesabu panda zake. Kisha mupe mwenzako akisome bila weye kumueleza. Akipotea, usimucheke. Rudi ukikate.